Kuchoma majani na matawi uani Marekani: kibali kinatoka kwa nani?

Mlima_Kentucky (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Tumehamia nje ya mji huku Kentucky, kaunti ndogo yenye miti mingi kuliko watu. Kiwanja ni kama ekari tatu, na nyuma ya nyumba ni msitu moja kwa moja. Dhoruba imeangusha mwaloni mmoja mkubwa, matawi yametapakaa, na majani ndiyo kwanza yanaendelea kumwagika. Gari la taka huku halibebi matawi. Nimekusanya kila kitu sehemu moja, nia yangu nitie kiberiti Jumamosi mchana.

Sasa jana jirani yangu, mzee wa Kizungu asiye na maneno mengi, kaja mpaka kwenye uzio kaniuliza nachoma saa ngapi. Nikamwambia mchana, kweupe, ili moto niuone vizuri. Akatikisa kichwa, akasema si kabla ya saa kumi na mbili jioni. Basi, akageuka akaenda zake.

Naomba kujua: hiyo ni sheria au ni desturi za wazee wa huku? Kibali kinaombwa wapi, jimbo, kaunti au zimamoto? Na kwenye rundo kuna mbao za baraza la zamani alizoacha mwenye nyumba aliyetangulia, nazo ziingie humo humo? Nataka mwenye uhakika, wale wa "nadhani" mtanisamehe.

---

Kitasa

Nimevuta kiti. Ngoja waje wajuzi.

---

Fundi_Miti_KY

Mkuu, mshukuru huyo mzee, tena mpelekee hata chapati. Kazi yangu ni kukata miti jimbo hilo hilo, na hili swali naulizwa kila msimu majani yakianza kuanguka.

Kentucky ina misimu miwili ya hatari ya moto wa msituni: 15 Februari hadi 30 Aprili, na 1 Oktoba hadi 15 Desemba. Ndani ya tarehe hizo ni kosa kuchoma kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni kama upo ndani ya futi 150 kutoka kwenye msitu au kichaka. Futi 150 ni kama mita 46. Wewe umesema nyuma ya nyumba ni msitu moja kwa moja, kwa hiyo hata usihangaike kupima.

Kwa nini usiku? Mchana hewa inakauka na upepo unaamka, hasa kuanzia saa nane hivi. Jioni upepo unatulia, unyevu unapanda, umande unaanza kushuka. Majani ya mwaloni yakikauka ni mepesi na mapana, likishika moto linapaa na moto wake, linatua msituni juu ya majani mengine makavu. Hapo mpira wako wa maji wa futi hamsini haufiki. Ndiyo maana misimu yenyewe ni hiyo miwili: mwisho wa mwaka majani yameshaanguka na yamekauka, na mwanzo wa majira ya kuchipua nyasi bado hazijawa kijani. Katikati ya kiangazi cha huku (Juni hadi Agosti) msitu umejaa maji, hiyo saa haikubani.

Lakini usije ukadhani saa ndiyo sheria yote. Hapo una sheria za ngazi tatu au nne, na kila ngazi ina mwenyewe:

Idara ya misitu ya jimbo inashika hizo tarehe na saa. Idara ya hewa ya jimbo inashika *unachochoma*. Mji au kaunti unaweza kuongeza masharti yake, ikiwemo kibali cha karatasi au kupiga marufuku kabisa. Halafu kuna katazo la muda, ambalo mkuu wa kaunti (wao wanamwita Judge Executive) anaweza kulitangaza kukiwa na ukame. Hilo likitangazwa, hata ukichoma saa sita usiku umevunja sheria.

Kwa hiyo jibu la "nani anatoa kibali" ni: anza chini, siyo juu. Piga simu kituo cha zimamoto cha kaunti yako, namba ya kawaida, SIYO 911 ya dharura. Waulize mambo mawili tu: kwenye anwani yangu natakiwa kibali, na leo kuna katazo? Hao ndio wanaojua mambo ya leo. Tovuti ya jimbo itakupa ya mwaka mzima, haitakuambia ya leo.

---

Houston_Njaro

Msimchanganye anayesoma huu uzi akiwa Texas, maana huku ni kinyume kabisa.

Kanuni za jimbo letu zinataka moto wa kuchoma matawi uanze si mapema kuliko saa moja baada ya jua kuchomoza, na umalizike siku hiyo hiyo, angalau saa moja kabla ya jua kuzama. Yaani kulaza moto usiku hairuhusiwi. Na upepo nao una kipimo: ukitabiriwa kuwa chini ya maili 6 kwa saa huchomi, ukizidi maili 23 huchomi.

Watu wengi wanaelewa hiyo ya juu, ya chini inawashangaza. Upepo ukifa kabisa moshi haupandi, unalala chini, unaingia kwenye nyumba za watu na kukaa barabarani. Wanataka upepo kiasi wa kuuondoa.

Juu ya hapo kaunti inaweza kuweka katazo la kuchoma la hadi siku 90 kwa mkupuo, na kulivunja ni kosa la faini isiyozidi dola 500. Hiyo ni faini tu. Moto ukikutoka ukaingia kwa mtu, ni hesabu nyingine. Februari 2024 moto wa Smokehouse Creek kule Panhandle, kaskazini mwa Texas, uliteketeza zaidi ya ekari milioni moja. Ule ulianzia kwenye nguzo ya umeme, siyo kwenye majani ya mtu, lakini upepo na nyasi kavu ni hizo hizo.

---

Kitasa

Kwa hiyo Mtanzania wa Kentucky anachoma usiku, wa Texas mchana, na wote wapo nchi moja. Haya.

---

Mama_Theluji

Ongezeni na sisi wa Minnesota. Huku kibali kinategemea theluji, na sifanyi mzaha. Kama ardhi imefunikwa na theluji ya angalau inchi 3, kuchoma matawi na majani hakuhitaji kibali cha jimbo. Ikiwa pungufu ya hapo, unahitaji. Kibali kinapatikana mtandaoni kwa dola 5 kwa mwaka, na siku unayotaka kuchoma ni lazima ukihuishe kwanza, uone kama eneo lako limefunguliwa siku hiyo.

Mimi niko Brooklyn Park, nyumba zimebanana, na mjini kila mji una amri zake, hivyo hizo inchi 3 zinamfaa zaidi shemeji yangu aliye shambani. Yeye anasubiri Januari. Anatoka na koti kubwa, anafukua rundo lake chini ya turubai, anachoma katikati ya weupe. Mbona ni raha! Sisi tuliolelewa Murang'a tunaona kama anaota moto wa tohara.

---

Mufindi_Juu

Poleni na nchi za watu. Huku kwetu mtu anafagia, anakusanya, anawasha, anaendelea kunywa chai. Kibali cha kuchoma majani yako mwenyewe kwenye kiwanja chako mwenyewe?

---

Fundi_Miti_KY

@Mufindi_Juu kwa jina hilo wewe ndiye wa mwisho kusema hivyo. Upo jirani na Sao Hill, shamba la miti la serikali, na zile njia za kuzuia moto mnazoziona zimesafishwa kila mwaka unadhani ni za kupitisha baiskeli? Nenda kawashe shamba lako kiangazi bila kumwambia mtendaji wa kijiji, upepo uuvushe uingie kwenye misindano, halafu urudi utusimulie kuhusu chai.

---

Mufindi_Juu

Hahaha mkuu umenishika. Kweli shambani huku tunaambiana kwanza, majirani wanakuja na matawi mabichi ya kupigia moto, na uongozi wa kijiji unajua. Mimi nilikuwa naongelea vijani vya uani. Na tangu Kilimanjaro iungue Oktoba 2020 hata redio wanatukumbusha kila kiangazi. Endeleeni, nasoma.

---

MwanaUvira

Jambo bandugu. Mi ni mutu wa Uvira, niko Lexington, Kentucky. Naona mwenye uzi anakaa inje ya mji, lakini tuko wengi hapa mjini tunaosoma, kwa hiyo niseme yetu.

Kwa kanuni ya hewa ya jimbo, mji wenye watu zaidi ya 8,000 hakuna kuchoma majani. Lexington na kaunti ya Fayette ni serikali moja tangu 1974, kwa hiyo usiseme "mimi niko pembeni, ni kaunti". Ni mulemule.

Na hakuna sababu ya kuchoma. Mji unatoa mapipa matatu ya magurudumu na yana majina kama watoto: Herbie la takataka, Rosie la vitu vya kurudisha kiwandani, na Lenny, lile la kijivu, la majani na matawi madogo. Lenny linachukuliwa na gari lake. Majani yakizidi, kuna mifuko ya karatasi. Ile ya plastiki usitumie, wataiacha hapo hapo.

Shida naiona kwa wazee wetu wanaofika wapya. Mama mumoja wa kanisa letu alifagia vizuri sana, akaweka mulima kidogo nyuma ya nyumba ya kupanga, akatafuta kiberiti. Kwa yeye uwanja wenye majani ni uchafu, na uchafu unachomwaga. Mtoto wake wa miaka kumi ndiye alimukimbilia na kumuonyesha Lenny. Pipa lilikuwa limekaa hapo tupu tangu wahamie, walidhani ni la mwenye nyumba.

---

Mlima_Kentucky

Asanteni sana, nimepata mwanga. @Fundi_Miti_KY umesema idara ya hewa inashika "unachochoma". Fafanua hapo, maana hizo mbao zinanisumbua. Na mke wangu anauliza kuhusu maboksi ya kuhamia, yako mengi gereji. Pipa la chuma ninalo.

---

Bwana_Kiberiti

Mnamtisha mwenzenu bure. Ekari tatu, msituni, nani anakuona? Choma saa tano usiku, funika na udongo, lala. Mimi nafanya hivyo kila mwaka na sijawahi kuona askari wala zimamoto.

---

Fundi_Miti_KY

@Bwana_Kiberiti saa tano usiku kwenye pori moto unaonekana kutoka mbali kuliko mchana. Mtu anayepita barabarani haoni "jamaa anachoma majani", anaona mwanga msituni, anapiga 911. Zimamoto wengi wa kaunti ndogo ni wa kujitolea. Wanaamka vitandani, wanaacha wake zao, wanakuja na gari kubwa, wanakukuta umeshika chepe. Ndiyo maana unawapigia *kabla*, hata pale ambapo kibali hakihitajiki: unawapa anwani na saa, mtu akipiga wanajua ni wewe. Na kufunika na udongo ndiyo njia mbaya kuliko zote. Makaa yanakaa hai chini ya udongo siku nyingi, upepo ukifukua unaanza upya. Mwaga maji, koroga kwa chepe, mwaga tena, kisha weka kiganja karibu na majivu. Kama unasikia joto, bado.

Sasa @Mlima_Kentucky, vitu vyenyewe.

Matawi na majani ya kiwanjani kwako: sawa, kwa masharti ya saa na umbali.

Takataka za nyumbani, plastiki, matairi, mabaki ya chakula, vifaa vya ujenzi, mbao zilizopakwa rangi au kutiwa dawa: hapana, jimbo zima, saa yoyote, pipa au bila pipa. Faini yao inaweza kufika dola 25,000 kwa siku kwa kila kosa. Sijawahi kuona mtu wa kawaida akipigwa hiyo yote, lakini ndiyo iliyoandikwa.

Hilo la pipa watu wanalipenda sana na ndilo lenye sumu. Moto wa kwenye pipa haupati hewa ya kutosha, unafuka kuliko kuwaka, na plastiki ikifuka humo inatoa sumu iitwayo dioxin. Inatua kwenye nyasi, ng'ombe anakula, unakuja kuinywa kwenye maziwa. Jimbo la Maine lilipiga marufuku kuchoma takataka za nyumbani uani tangu 2001, na huko kuchoma matawi tu kunahitaji kibali.

Mbao za baraza: usiguse. Baraza lililojengwa kabla ya 2004 kuna uwezekano mkubwa mbao zake zilitiwa dawa yenye arseniki, wakati ule ndiyo ilikuwa kawaida. Mbao ikiwa na ukijani wa kufifia ni dalili, lakini baada ya miaka ishirini ya jua inageuka kijivu kama mbao nyingine yoyote, kwa hiyo macho hayatoshi. Ukiichoma arseniki haipotei. Nyingine inapanda na moshi, nyingi inabaki kwenye majivu, na majivu ndiyo unayoyamwaga bustanini kwenye mchicha. Zipeleke dampo la kaunti, uwaambie ni mbao za baraza.

Maboksi: toa gundi za plastiki, yakunje, peleka kwenye kurejelezwa. Kuyachoma ni kazi ya bure, karatasi inayowaka ndiyo inayopaa kuliko kitu chochote.

Na kitu kimoja ambacho hakuna aliyekitaja. Huo mwaloni ulioanguka uangalie shina. Kama kuna mtambaa wenye vinyweleo vinyweleo umelishika gome, vinene kama kamba ya katani, hiyo ni poison ivy. Hata ikiwa haina majani, hata ikiwa imekufa. Kuigusa inakupa upele wa wiki nzima. Kuichoma ni hatari zaidi, mafuta yake yanapanda na moshi na ukivuta yanaingia kwenye koo na mapafu. Kuna watu wanalazwa. Mimi nikiiona kwenye gogo, gogo zima naliacha pembeni lioze msituni.

---

Mlima_Kentucky

Duh. Nimetoka na tochi sasa hivi kuangalia. Vinyweleo vipo. Upande mmoja wa shina, kuanzia chini mpaka kwenye tawi la kwanza.

---

Fundi_Miti_KY

Basi shina lisiingie. Vaa glavu na mikono mirefu, na nguo ukimaliza zifue peke yake, siyo na za watoto.

---

Karatasi_za_Jioni

Naleta upande mwingine, maana wengi wetu hapa bado tuko kwenye safari ya makaratasi. Fomu ya uraia, N-400, inauliza kama umewahi kukamatwa, kushikiliwa au kuandikiwa kosa na askari au ofisa wa sheria. Kuandikiwa faini ya kuchoma majani si lazima kukunyime uraia, msiogope hivyo. Tatizo ni mtu anaandikiwa, analipa dola zake, anaitupa ile karatasi, miaka mitatu baadaye anajibu "hapana" mbele ya ofisa. Hapo kosa dogo la majani linageuka kuwa suala la kusema uongo. Ukiandikiwa chochote, tunza karatasi na risiti, na siku ya kujaza fomu muulize mwanasheria wa uhamiaji, siyo sisi wa humu.

---

Carolina_Pwani

Hapo umenena. North Carolina kwa faida ya wasomaji: ukichoma ndani ya futi 500 kutoka msituni unahitaji kibali cha jimbo, ni cha bure, unakitoa mtandaoni kabla ya kuwasha. Na kama mji wako una gari linalochukua takataka za bustani, basi huruhusiwi kuzichoma, kibali au bila kibali. Kikitangazwa kipindi cha hatari, vibali vyote vinafutwa, hata ulichochapisha asubuhi. Moto ukikutoroka, gharama za kuuzima unaweza kudaiwa wewe.

---

Houston_Njaro

Na msisahau HOA. Serikali inaweza kukuruhusu kote, halafu umoja wa wenye nyumba wa mtaa wako ukakukatalia kwenye mkataba uliosaini bila kusoma ukurasa wa arobaini.

---

Mlima_Kentucky

HOA huku hakuna, ni ng'ombe na kanisa tu.

Mrejesho: nimepiga simu kituo cha zimamoto. Mama aliyepokea alikuwa mchangamfu kweli, nadhani anapigiwa sana msimu huu. Kwenye anwani yangu hawatoi karatasi ya kibali. Wanataka nipige siku hiyo hiyo kabla ya kuwasha, niseme naanza saa ngapi na nitamaliza lini, nipige tena nikizima. Leo na kesho katazo hakuna, lakini Jumamosi inatabiriwa upepo, ameniambia wazi kwamba angekuwa yeye angengoja. Kaniuliza pia kama nina maji yanayofika kwenye rundo. Hayafiki. Nimenunua mpira mwingine wa kuunganisha, na nimegawa lile rundo kuwa vidogo vitatu, nimekwangua nyasi kuzunguka kila kimoja mpaka udongo ukaonekana.

Shina lenye ule mtambaa nimelisukumia pembeni. Mbao nazipeleka dampo Jumatatu, wanapima kwa uzito.

---

Fundi_Miti_KY

Safi. Matawi manene zaidi ya mkono usiyachome, kata vipande, mtu wa jiko la kuni atayachukua bure ukiyaweka barabarani. Na majani, kama una mashine ya kukata nyasi, pita juu yake mara mbili yasagike yabaki hapo hapo, ni mbolea. Utabaki na matawi ya katikati tu, moto wa saa mbili.

---

Seattle_Mnyamwezi

Washington vipi? Tumenunua nyumba maeneo ya Kent, kuna vichaka vya miiba vya blackberry vya kutosha kujaza lori.

---

Carolina_Pwani

Kent ni mjini. Washington ilishapiga marufuku kuchoma takataka za bustani ndani ya maeneo yote ya ukuaji wa miji tangu 2007, kwa hiyo usitafute kibali, hakipo. Kodi mashine ya kusagia, au ulizia kampuni yenu ya taka kama ina pipa la bustani. Blackberry ukiikata bila kung'oa kisiki itarudi kabla hujarudisha mashine.

---

Seattle_Mnyamwezi

Nimeelewa. Pipa lipo, la kijani, nilikuwa natilia maboksi.